Mchuzi wa chupa: namna ya kuuchagua dukani na kuupika Dodoma

Ukitoka ofisini Mtumba saa kumi na moja jioni, ukafika Nkuhungu au Kisasa giza linaingia, kazi ya kumenya vitunguu, kutwanga saumu na tangawizi, kisha kusimama jikoni ukisubiri nyanya ziive ni kazi ambayo wengi wanaikwepa. Hapo ndipo mchuzi wa chupa unapopata wateja. Kuna wanaoununua kila wiki, na kuna walioununua mara moja wakaapa hawarudii tena.

Walioapa wana malalamiko yale yale: nyama ilibaki ngumu, mchuzi ulikuwa mtamu kama jamu, au chumvi ilizidi. Yote matatu huanzia dukani, kabla jiko halijawashwa. Chupa nyingi zimepangwa kwa kifua cha kuku wa kisasa kisicho na mfupa, ambacho huiva kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Aliyeandika maelekezo ya nyuma ya chupa alimfikiria mtu wa Uingereza mwenye pakiti ya minofu laini kwenye friji. Hakumfikiria jogoo wa Singida aliyekimbia uani mwaka mzima. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu unaanza na nyama, chupa inafuata.

Rafu moja, vitu vinne

Kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji, vitu vyote vinavyohusu kari hupangwa pamoja wakati matumizi yake hayafanani.

Cha kwanza ni mchuzi wa kumimina. Ni chupa ya gramu 350 hadi 500 hivi, mchuzi uliokwisha kupikwa, wenye maji, nyanya au maziwa, mafuta na wanga wa kuufanya uwe mzito. Unaumimina juu ya nyama, unauacha uchemke, basi. Ndio rahisi kuliko vyote, na ukihesabu kwa sahani ndio ghali kuliko vyote.

Cha pili ni rojo la viungo: chupa ndogo yenye masala yaliyosagwa yakachanganywa na mafuta, chumvi na tindikali. Haliliwi hivi hivi, ni kali mno. Unachota vijiko viwili, unalikaanga, kisha unaongeza nyanya na maji yako mwenyewe. Patak's ni jina mojawapo kubwa hapa, na lina historia inayotugusa. Mwanzilishi wake, Laxmishanker Pathak, alizaliwa Gujarat, akaishi Kenya, na mwaka 1956 akahamia Uingereza na familia yake, ambako alianza kwa kuuza vitafunwa vilivyopikwa nyumbani. Kwa hiyo chupa inayoshushwa leo bandarini Afrika Mashariki kama kitu cha Ulaya ina asili ya mtu aliyekuwa jirani yetu.

Cha tatu ni pakiti za masala ya unga, kama zile za Shan kutoka Pakistan, kila boksi na chakula chake: biriani, korma, karahi. Hizi zina chumvi ndani tayari, na si kidogo. Mtu anayezichukulia kama binzari ya kawaida, akatia na chumvi yake, anaharibu sufuria zima.

Cha nne ni mchuzi mix tunaoujua wote, chumvi na wanga na viungo, ambao kazi yake ni kukoleza mchuzi ulioupika mwenyewe na kuufanya mzito. Huo ni msaidizi, wala sitauzungumzia sana.

Ukiniuliza ninunue kipi kwa nyumba ya kawaida ya Dodoma, nitakwambia rojo la viungo. Ni jepesi kubeba kwa mtu anayerudi na treni ya SGR kutoka Dar, linakaa muda mrefu baada ya kufunguliwa, na linakuachia wewe uamuzi wa nyanya, mafuta na uzito wa mchuzi. Mchuzi wa kumimina nauweka kwa siku mbili za wiki ambazo huna nguvu kabisa, na kwa mwanafunzi wa UDOM mwenye jiko moja na sufuria moja.

Hatua ya kwanza: jua unapika nini, na kitachukua muda gani kuiva

Kabla hujashika chupa, jibu swali hili: nyama niliyonayo inaiva kwa dakika ngapi?

Kuku wa kisasa, vipande vyenye mfupa, dakika ishirini na tano hadi thelathini na tano. Huyu anakubali mchuzi wowote wa kumimina, kwa sababu anaiva ndani ya muda ambao mchuzi unaweza kukaa motoni bila kuharibika.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Tetea mchanga anaweza kuiva kwa saa moja, jogoo mzee akataka saa mbili. Ukimmiminia korma ya chupa tangu mwanzo, maziwa yatakatika, wanga utashika chini ya sufuria na kuungua, na kuku atabaki anakuvuta meno. Lazima achemshwe kwanza peke yake. Mbuzi na ng'ombe mwenye mfupa ni hivyo hivyo. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Tofauti ni ndogo, lakini muda ulioandikwa na mtu wa pwani au wa London uhesabu kuwa ni wa chini kabisa.

Samaki, iwe perege wa Mtera au minofu ya sangara, huiva kwa dakika nane hadi kumi. Yeye ndiye wa mwisho kuingia, mchuzi ukiwa umeshakamilika. Mayai ya kuchemsha vivyo hivyo.

Dengu, kunde, choroko na njugu mawe zina kanuni yake, na hii watu wengi hawaijui: tindikali huzuia punje zisilainike. Mchuzi wa chupa una nyanya na mara nyingi asidi ya sitriki. Ukimimina juu ya kunde zisizoiva, utachemsha mpaka mkaa uishe. Mitaa yenye maji magumu ya kisima tatizo linaongezeka, kwa sababu madini ya maji hayo nayo yanachelewesha. Chemsha kunde mpaka zibonyee kwa vidole, kisha ndipo mchuzi uingie.

Mboga kama bilinganya, viazi na bamia hazina shida, ila viazi vipe dakika kumi za kuchemka kabla, kwa sababu navyo hugoma kuiva ndani ya nyanya.

Hatua ya pili: jina la mbele ya chupa

Majina haya yametoka India na Pakistan, mengine yakageuzwa sana na migahawa ya Uingereza, na kile kilichomo ndani ya chupa kwa kawaida ni sura ya Kiingereza. Ukiyajua machache utajua nusu ya ladha kabla ya kufungua.

Korma ni laini, haina pilipili ya kutisha, msingi wake ni krimu au mtindi pamoja na nazi, korosho au lozi. Watoto wanaipenda. Inafaa kuku wa kisasa na mayai. Ukiila na wali inakwenda vizuri. Kwa ugali wa dona au wa uwele mimi siioni kabisa, utamu wake unagombana na ugali.

Tikka masala ina nyanya na krimu, utamu kiasi na rangi ya machungwa. Ndiyo chupa ya kuanzia kwa asiyejua aanzie wapi. Ile inayoitwa kuku wa siagi, au makhani, iko karibu nayo, ila ina mafuta zaidi na utamu zaidi.

Rogan josh asili yake ni Kashmir na nyama yake ni ya kondoo au mbuzi. Ina nyanya, iliki, mdalasini na pilipili ya wastani. Kwa mkoa wenye mbuzi kama huu wetu, hii ndiyo chupa ambayo ningependa ijulikane zaidi. Mbuzi aliyeiva vizuri akikutana na rogan josh, hata ugali wa mtama unapata mwenzake.

Madras ni kali, ina uchachu, haina krimu. Nzuri kwa ng'ombe. Jalfrezi ina hoho na vitunguu vikubwa vikubwa, nayo inataka uongeze hoho mbichi mwishoni, la sivyo utaona vipande viwili tu vilivyolegea. Vindaloo asili yake ni Goa, sehemu ya India iliyotawaliwa na Wareno: siki, saumu na pilipili nyingi. Kwa anayezoea pilipili mbuzi si tatizo, lakini usiwape wageni bila kuwauliza.

Kari ya Thailand, ya kijani au nyekundu, ni ukoo mwingine. Ndani kuna mchaichai, mmea wa jamii ya tangawizi na, mara nyingi, kamba waliosagwa. Hiyo inataka tui la nazi, na haipatani na nyanya. Ni nzuri kwa samaki. Mwenye mzio wa kamba au samaki akae nayo mbali.

Alama za pilipili, moja, mbili au tatu, zilinganishe ndani ya kampuni moja tu. Pilipili mbili za kampuni hii zinaweza kuwa sawa na moja ya kampuni ile.

Hatua ya tatu: geuza chupa

Mbele ya chupa pana picha. Habari iko nyuma, na kwa bahati mbaya imeandikwa kwa herufi za kumtafuta mwenye miwani. Piga picha kwa simu uikuze.

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatajwa kwanza. Soma vitu vitatu vya mwanzo. Kama ni nyanya, kitunguu, mafuta, huo ni mchuzi. Kama ni maji, sukari, wanga uliorekebishwa, unanunua maji mazito yenye rangi. Maji kuwa ya kwanza si dhambi, michuzi mingi ina maji, lakini cha pili na cha tatu kinatakiwa kiwe chakula. Tafuta pia kile kilichompa mchuzi jina lake: korma inayojisifia korosho halafu korosho ziko mwishoni kabisa, nyuma ya chumvi, imekupa korosho za kunusa.

Kisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi kwa kila gramu 100 huhesabiwa kuwa na chumvi nyingi, na chenye 0.3 au chini kuwa na kidogo. Fanya hesabu hivi: chupa ya gramu 450 yenye chumvi gramu 1 kwa kila 100 ina gramu 4.5. Ikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anapata gramu 1.1 kwenye mchuzi peke yake, kabla ya ugali, kachumbari na kile kipande cha samaki mkavu. Chupa nyingine zinataja sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Mwenye presha au anayempikia mzazi mwenye presha asiiruke hesabu hii.

Rojo la viungo litakushtua, chumvi yake kwa gramu 100 ni kubwa sana. Usilitupe rafuni kwa hilo. Unatumia gramu 30 au 40 tu kwa kila nusu kilo ya nyama, basi ihesabu chumvi ya hizo gramu.

Sukari nayo ina kipimo chake: gramu 5 au chini kwa kila 100 ni kidogo. Mchuzi wa nyanya utakuwa na sukari fulani hata usipoongezewa, kwa sababu nyanya na vitunguu vina yake. Ukiona gramu 8 au 10, jua imemiminwa.

Namba za E, yaani namba za viongezwa vya chakula, zinatisha watu, lakini nyingi hazina kisa. E330 ni asidi ya sitriki, ile ile ya kwenye ndimu. E202 na E211 ni za kuzuia ukungu na vijidudu. E621 ni kikolezo cha ladha. Ningeangalia zaidi idadi: mchuzi uliopikwa na kufungwa vizuri kwenye chupa ya kioo hauhitaji msururu wa vihifadhi.

Mzio usiusome haraka haraka. Karanga, korosho, lozi, maziwa, ngano, haradali, samaki, kamba: hivyo ndivyo vinavyojificha kwenye michuzi hii, na kwa kawaida huandikwa kwa herufi nzito. Kama unapikia wageni Waislamu, tafuta alama ya halali kwenye chupa yoyote ambayo ndani yake kuna nyama au mafuta ya mnyama.

Hatua ya nne: kagua chupa yenyewe

Bonyeza katikati ya mfuniko kwa kidole gumba. Mfuniko wa chupa ambayo haijaguswa umebonyea kwa ndani kidogo na hausogei. Ukishuka na kupanda, ukatoa sauti ya *tik*, hewa imeshaingia na chupa hiyo si ya kununua, hata kama tarehe bado. Nyumbani sikiliza tena: chupa nzima ikifunguliwa hutoa *pop* moja, hewa ikivutwa ndani. Kopo la bati lililovimba usilionje wala usilifungue kwa udadisi, sumu ya vijidudu vya kwenye makopo haina harufu na inaua. Kopo lililobonyea kwenye mshono wa juu au wa pembeni, liache.

Mafuta kuelea juu ya rojo la viungo ni kawaida, ndiyo yanayolilinda. Mchuzi wa krimu uliojigawa maji juu na mabonge chini umepigwa joto. Na joto hapa si la mzaha: Oktoba na Novemba, duka la mabati lenye rafu karibu na dirisha linaweza kuichosha chupa vibaya. Rangi iliyopauka upande mmoja ni ushahidi.

"Kaka, naomba ya nyuma ya hii."

"Zote ni mzigo mmoja, dada."

"Basi nipe ya mzigo huo huo ambayo jua halijaiona."

Hakuna muuzaji aliyewahi kukataa hilo.

Tarehe ziko za aina mbili. Ile ya mwisho wa matumizi inahusu usalama, ikipita imepita. Ile inayosema bora kabla ya siku fulani inahusu ubora, ladha na rangi. Bidhaa zikishushwa bei kwa sababu tarehe imekaribia, nunua kama utapika wiki hiyo. Angalia pia mpangilio: baadhi ya bidhaa za Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 03/07 inaweza kuwa Machi 7. Karatasi ya tarehe iliyobandikwa juu ya tarehe nyingine ni sababu tosha ya kuondoka.

Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa za ndani zitafute alama ya ubora ya TBS. Kwa zilizoagizwa, jina na anwani ya mwagizaji ni dalili njema kwamba mzigo umepita njia halali.

Bei: gawanya kwa sahani

Tuseme mchuzi wa kumimina ni shilingi 14,000 na unatosha watu wanne. Hiyo ni 3,500 kwa sahani kabla ya nyama. Tuseme rojo la viungo ni 18,000, unapika mara saba, kila mara ukiongeza nyanya, vitunguu na mafuta ya 2,500. Kila pishi linakuwa kama 5,100, yaani chini ya 1,300 kwa sahani. Weka bei za duka lako, hesabu ni hiyo hiyo. Na ule "watu wanne" wa kwenye chupa usiuamini sana. Ni wanne wanaokula wali mwingi na mchuzi wa kulowesha. Nyumba ya ugali inataka mchuzi zaidi.

Vingine vyote nunua sokoni. Vitunguu, nyanya, tangawizi na karanga za Majengo au za Soko la Job Ndugai kule Nzuguni ndivyo vitakavyofanya chupa ya kawaida ionekane ya maana.

Kupika kuku wa kienyeji kwa rojo la viungo

Nimechagua pishi hili kwa sababu ukiliweza, mengine yote ni kupunguza hatua.

Mkate kuku vipande, mweke kwenye sufuria na tangawizi iliyopondwa, saumu na maji ya kumfunika. Usitie chumvi. Mitaa yenye maji ya chumvi, tumia maji ya kunywa kwa kazi hii, maana chumvi ya maji inabaki yote mchuzi ukikauka. Mchemshe taratibu, umefunika, mpaka uma uingie kwenye paja bila kulazimisha. Sufuria la presha litamaliza kazi hiyo kwa nusu saa hivi, jogoo mzee zaidi kidogo. Toa nyama, supu iweke pembeni. Hiyo supu ni mali.

Sufuria nyingine, au kikaango kipana, weka mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula. Usizidishe, rojo lina mafuta yake. Kaanga vitunguu viwili vikubwa mpaka viwe kahawia, dakika kumi na zaidi. Hapa ndipo wengi wanapokata kona. Viungo vya chupa haviwezi kufanya kazi ya kitunguu kilichoiva.

Punguza moto. Tia rojo vijiko viwili vya chakula kwa kila nusu kilo ya nyama, kisha usiondoke. Mwanzoni litachemka kwa mapovu makubwa na harufu itakuwa kali, ya tindikali, ya kukohoza. Geuza kwa mwiko bila kupumzika. Baada ya dakika moja au mbili mapovu yanakuwa madogo, harufu inageuka na kuwa tamu, na pembezoni mwa rojo yanajitokeza mafuta mekundu yanayong'aa. Hapo limeiva. Ladha nyingi za masala huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana mtu anayetia rojo moja kwa moja kwenye supu hupata mchuzi wenye ladha mbichi inayobaki kooni. Likianza kushika chini, tia supu vijiko viwili na ukwangue.

Tia nyanya nne zilizosagwa au kukunwa. Pika mpaka mafuta yaelee tena, dakika kumi hivi. Rudisha kuku, geuza apakwe, kisha mimina supu kiasi cha kufikia nusu ya nyama. Acha achemke bila kufunikwa dakika kumi na tano, mchuzi ukolee. Sasa onja chumvi, kwa mara ya kwanza. Mara nyingi utakuta inatosha.

Mbuzi na ng'ombe ni njia hiyo hiyo. Kwa pakiti ya masala ya unga, koroga unga na maji vijiko vitatu kwanza, kwa sababu mkavu huungua ndani ya sekunde, na tumia nusu ya pakiti mpaka umeijua.

Mchuzi wa kumimina, siku ya uchovu

Kaanga kitunguu, kaanga vipande vya kuku wa kisasa mpaka vibadilike rangi pande zote, mimina chupa. Tia maji robo kikombe ndani ya chupa, funga, tikisa, mimina na hayo. Moto mdogo, umefunika nusu, dakika ishirini na tano kwa wenye mfupa. Toboa kipande kinene karibu na mfupa: maji yakitoka meupe bila dalili ya damu, tayari. Kama ni korma au chochote chenye krimu, mchuzi uchemke kwa kutetemeka tu. Moto mkali utaukata.

Kwa dengu au kunde zilizoiva, dakika kumi zinatosha. Kwa samaki, pika mchuzi kwanza mpaka ukolee, laza vipande juu, funika, usikoroge. Tikisa sufuria.

Kurekebisha

Mtamu mno: tindikali. Ndimu ipo, lakini huku tuna ukwaju na ubuyu. Loweka ukwaju kidogo, kamua, tia kijiko kimoja kimoja. Unga wa ubuyu ukorogwe na maji kwanza, nao unaufanya mchuzi uwe mzito kidogo. Ukwaju unakwenda na rogan josh na madras, ubuyu naupenda kwenye tikka masala.

Chumvi imezidi: ongeza kisicho na chumvi, yaani nyanya, supu, mtindi, dengu zilizochemshwa. Ule ushauri wa kutumbukiza kiazi kibichi hausaidii kama watu wanavyodhani. Kiazi kinanyonya mchuzi na chumvi yake, hakichagui chumvi peke yake. Kikisaidia ni kwa sababu umeongeza chakula.

Mwepesi au hautoshi: karanga za kusaga, vijiko viwili vilivyokorogwa na supu ya moto. Kwa tikka masala na korma hii ni bora kuliko krimu, inarefusha chupa moja ikatosha watu sita, na karanga mkoani hazina shida. Waulize wageni kuhusu mzio kwanza. Baada ya kutia, koroga, maana karanga hushika chini upesi.

Mkali mno: maziwa mgando au tui la nazi, sufuria ikiwa imeepuliwa. Maji hayatasaidia sana, pilipili inayeyuka kwenye mafuta.

Umepooza, hauna uhai: kitunguu saumu kibichi kilichokunwa na giligilani dakika mbili za mwisho.

Kuhifadhi kilichobaki

Chupa ya mchuzi wa kumimina ikifunguliwa inakwenda kwenye friji, na nyingi zinasema itumike ndani ya siku tatu. Rojo la viungo hukaa wiki kadhaa, chupa yenyewe itakwambia ngapi, ilimradi kijiko kinachoingia ni kikavu na kisafi na mafuta yanalifunika juu. Mchuzi wa kopo hamishia kwenye bakuli lenye kifuniko.

Mchuzi uliopikwa usiuache mezani usiku kucha. Upoze, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho uupashe mpaka uchemke kabisa. Umeme ukikatika, usifungue friji: ikibaki imefungwa hushika ubaridi kwa muda wa saa nne hivi. Zikipita, vyenye nyama na krimu usivihurumie. Michuzi ya nyanya inagandishwa vizuri kwenye friza, ila korma ikiyeyuka hukatika, basi hiyo imalizwe. Na ukiona ukungu juu ya rojo, hata doa dogo, usilikwangue ukatumia la chini. Ukungu huzama ndani kuliko unavyoonekana, tupa chupa nzima.